Mtani wa Marehemu

Dakta Husseinali Karmali alikuwa daktari wa watu wasiolalamika. Wagonjwa wa wenzake walikohoa, walitapika, waligoma kunywa dawa chungu. Wa kwake walilala kimya juu ya meza ya saruji wakingoja zamu. Polisi wakiopoa mtu kisimani, wakiokota mtu mtaroni, au mwenye nyumba akila chakula cha mchana mzima na alasiri akakutwa maiti, mzigo ulikuwa wa Dakta Karmali: ampasue, amtazame, aandike kilichomuua. Kazi hiyo alikuwa ameifanya Temeke na vitongoji vyake kwa miaka kumi na minne. Mwaka ule wa 1952 alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, kitambi cha heshima, na mkono wa kulia ambao hakuna aliyetaka kuushika.

Usicheke, lilikuwa jambo zito. Watu wa Temeke hawana upungufu wa adabu. Walimwamkia, walimwuliza habari za nyumbani, ila ukifika wakati wa kupeana mikono kila mmoja alikumbuka kwamba amebeba kitu. Harusini alipewa sahani ya peke yake, eti kwa heshima. Na nyumbani kwake Chang'ombe mkewe, Nurbanu, alikuwa amemjengea bafu la uani, kwa kuwa sheria ya madhehebu yao iko wazi: aliyegusa maiti ambayo haijaoshwa naye ataoga josho kamili kabla ya kuswali. Jirani wakiona moshi wa kuni uani kwa Karmali saa tisa alasiri, walijua leo kuna mtu amepasuliwa. Moshi ukiwa mwingi, walisema leo ni wawili.

Katika kibanda cha maiti alikuwa na msaidizi mmoja, Bakari, mtu mzima mwenye watoto saba na mzaha usio na breki. Dakta alikuwa na desturi ya kuwaamkia maiti wazee kabla ya kushika kisu. Siku ya kwanza ya Bakari kazini, Dakta aliinama juu ya babu mmoja akasema, "Shikamoo, mzee," na sauti nzito ikaitika, "Marahaba, mwanangu." Dakta alijikuta uani, hajui alivyopita mlangoni, na Bakari yuko sakafuni anajishika mbavu. Wakawa marafiki tangu siku hiyo, maana mtu akishakuona umekimbia, huna tena la kumficha.

Mahakamani walimpa jina lake: Dakta Huenda. Kila ripoti yake ilianza hivyo. Huenda alikufa maji. Huenda ni pigo la kichwani. Mtu amepitiwa na garimoshi, vipande vimeletwa kwenye gunia, na Dakta ameandika huenda. Makarani walikuwa wakicheka, lakini chanzo chake hawakukijua. Mwaka wake wa pili kazini aliandika kwa wino mzito kwamba mtu fulani amenyongwa. Mjomba wa marehemu akakaa rumande miezi mitano akingoja kitanzi, mpaka daktari mkubwa wa Kizungu alipozipitia karatasi upya na kugundua kwamba marehemu alikufa kwa kifafa, na alama ya shingoni ilikuwa ya kamba ya hirizi yake mwenyewe. Mjomba aliingia rumande na nywele nyeusi, akatoka na mvi. Dakta alimwona akitoka. Kuanzia siku ile hakuthubutu tena kusema jambo bila kuliachia mlango wa nyuma.

Furaha yake ya kila siku ilikuwa moja, nayo mkewe hakuijua. Nurbanu alikuwa amempiga marufuku sukari. Asubuhi alimwekea chai kavu na kipande cha mkate. Dakta alikula, akashukuru, akatoka, na saa kumi na mbili u nusu alikuwa ameshaketi chini ya mkorosho wa njia panda akinywa uji wa mchele wa Bi Tabu, wenye tui, tangawizi na sukari ya kutosha harusi nzima.

Pale benchini hakuna aliyemwogopa. Bi Tabu alikuwa Mnyamwezi, aliletwa Dar es Salaam na mume mfanyakazi wa reli. Mume akafa, yeye akabaki na sufuria. Jirani yake, katika kivuli kilekile, alikuwa Mzee Mwishehe, Mzaramo, fundi wa baiskeli. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na hawa wawili walitaniana kama watu walioajiriwa kwa mkataba, kila siku, bila likizo.

"We mpagazi," Mzee Mwishehe angesema, "uji gani huu? Umefulia kanga humu?"

"Kunywa, Mzaramo mvivu. Ukifa hiyo kofia naichukua mie, nishikie sufuria."

"Nikifa utamuuzia nani? Huyu Dakta haji kwa ajili ya uji. Anakuja kutupima urefu."

Dakta alicheka mpaka uji ukampalia. Na kila asubuhi, akiondoka, Mzee Mwishehe alimpa mkono, mweusi kwa grisi, akamwuliza, "Haya sema kweli, hapa nani mchafu, mie au wewe?" Nusu saa ile ndiyo iliyomwezesha Dakta kuziendea saa nyingine zote.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne Mzee Mwishehe alikuja kama kawaida, ila alikaa kwa uangalifu, mkono mmoja umeushika mgongo. Alitania, akataniwa, akanywa uji, akaongezewa. Dakta akaenda kazini. Saa tatu na kitu asubuhi ileile, fundi alianguka juu ya baiskeli aliyokuwa ameipindua magurudumu juu, akafa palepale.

Habari zilimfikia Dakta haraka, na Bakari akaomba ruhusa aende kusaidia kuosha maiti, kwa kuwa walikuwa majirani. Kwa hiyo yaliyotokea msibani Dakta aliyapata kwa Bakari, na Bakari hana kawaida ya kupunguza.

Maiti imeoshwa, imekafiniwa, imeswaliwa, jeneza liko uani, wanaume wanajipanga kulibeba. Ndipo akaingia Bi Tabu. Amevaa kofia ya marehemu na shati lake la kazi, amejipaka grisi mashavuni, mkononi ana pampu ya baiskeli. Akajilaza mbele ya jeneza, akasema halitoki mpaka apewe kuku. Akalielekezea pampu, akasema amwongezee mzee upepo afike mapema. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, mwenye huzuni apate pa kupumulia. Mjane mwenyewe, Bi Somoe, alikuwa ameuma upindo wa kanga asiangue kicheko. Bi Tabu akapandisha sauti:

"Mnamlilia nini? Mie ndiye niliyemuua! Nimemtilia sumu ya panya kwenye uji, nimechoka na domo lake! Haya, nitieni pingu!"

Uani kukalipuka kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Inspekta Haswell, kijana wa Kiingereza mwenye wiki tatu katika nchi na masikio yaliyoungua jua. Hakuja kuhani. Alifuata baiskeli yake, kwa maana ile baiskeli aliyoiangukia marehemu ilikuwa ya inspekta.

Karibu naye alisimama Koplo Fransis, mkalimani. Fransis alikuwa Mngoni, na utani anaujua kuliko sala ya Baba Yetu. Lakini wiki iliyotangulia alikuwa amekemewa mbele ya kituo kizima kwa kuongeza maelezo yake katika tafsiri. Aliambiwa yeye ni mdomo tu, kichwa ni cha inspekta. Atafsiri maneno, na maneno peke yake. Basi inspekta alipouliza yule mama anasema nini, koplo alisimama wima, akatafsiri. Anasema yeye ndiye aliyemuua marehemu. Alimtilia sumu ya panya katika uji. Anaomba atiwe pingu.

"Kuna lingine?" inspekta akauliza.

"Hakuna, Bwana. Maneno ni hayo tu."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Bi Tabu alitiwa pingu kofia ya marehemu ikiwa kichwani, na mpaka anapandishwa garini watu walidhani Mzungu naye ameujua utani, wakampigia makofi.

Dakta alikuwa ameshaoga, amevaa koti la msibani, anafunga kibanda ili awahi maziko. Gari la polisi likaingia uani. Rafiki aliyekuwa anamfuata ameletwa kwake.

Alifunua sanda usoni. Bakari, aliyekuja na gari, alisimama nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee Mwishehe," Dakta akasema.

Bakari hakuitika.

Dakta alipiga simu kwa mkubwa wake, kumwomba mtu mwingine aifanye kazi hii. Mkubwa alikuwa likizo milimani na mtu mwingine hayupo. Inspekta naye alikuja na maagizo yake: kama kifo ni cha sumu, yule mama atashitakiwa kwa kuua, na adhabu ya kuua kila mtu anaijua.

"Mie mwenyewe nilikunywa uji wa sufuria ileile," Dakta akamwambia. "Bakuli mbili."

Inspekta akamtazama kwa makini, kama mtu anayehesabu. "Na unajisikiaje, Daktari?"

Mpaka dakika ile Dakta alikuwa akijisikia vizuri. Alijua hakuna sumu. Alimjua Bi Tabu, aliujua uji, na saa kumi zilikuwa zimepita tangu anywe. Lakini tumbo halina elimu. Likanguruma. Akajishika kifundo cha mkono akajihesabu mapigo, akayaona yanakwenda mbio, akajihesabu tena. Bakari akamletea kigoda na kumwuliza kwa upole kama amwandalie nafasi mezani.

Kabla ya jua kuchwa akaja Bi Somoe na shemeji zake wawili. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Dakta, wewe Mwislamu kama sisi. Mume wangu ameshaoshwa, ameshaswaliwa. Usimkate."

"Nisipomkata, Bi Somoe, watamnyonga Tabu."

Shemeji mmoja akataka kusema, mjane akamzuia kwa mkono.

"Kama Tabu ni muuaji, basi na mie ni mke wa Gavana," akasema. "Haya. Mkate. Lakini mkate vizuri."

Nyumbani, Nurbanu alishangaa kuona moshi hauhitajiki na mume hana hamu ya kula. Kwa miaka kumi na minne hakumwuliza habari za kazini, wala Dakta hakumweleza. Waliishi na maiti wale kama watu wanavyoishi na mkwe mkali chumba cha pili, wakipunguza sauti. Jioni ile Dakta alisema yote. Alipofika kwenye uji, Nurbanu aliweka kijiko chini.

"Bakuli mbili? Kila siku?"

"Kila siku."

"Na sukari?"

"Na sukari."

Alimgombeza kwa Kikachi, kwa Kigujarati, na kwa Kiswahili pale zile mbili zilipoishiwa. Kisha akaona macho ya mumewe yamelengwa machozi, na hayakuwa ya uji. Akasogeza kiti karibu.

"Baba Aliakbar," akasema, "kesho utaona ndani ya yule mzee kilichomuua. Nakujua. Utaona vizuri kabisa, halafu utaandika huenda."

"Yule mjomba, Nurbanu. Mvi zake."

"Ulikosea kwa kusema. Tangu hapo unadhani ukinyamaza hukosei. Na huyu mama akifia rumande, utasema alikufa kwa nini? Huenda?"

Maneno yalimwingia mpaka kwenye mfupa. Wali akala kidogo.

Alianza kazi saa mbili asubuhi. Kifua kilipofunguka hakukuwa na haja ya kutafuta. Kifuko cha moyo kilikuwa kimejaa damu iliyoganda, na mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umechanika kama mpira wa ndani wa gurudumu chakavu. Tumboni mlikuwa na uji tu, na kuta zake safi. Mchaniko wa namna ile hauletwi na sumu ya panya. Huletwa na msukumo mkubwa wa damu wa miaka mingi, nao huanza kwa maumivu makali ya mgongo.

Dakta akasimamisha kisu. Mgongo.

"Nakuja, Bakari," akasema, akatoka nje, akasimama ukutani. Aliuona tena akilini ule mkono mweusi umeushika mgongo, na yeye Dakta anapuliza uji wake. Daktari mzima, kiwiko kwa kiwiko na mgonjwa, na kazi yake ilikuwa ni kucheka. Akarudi ndani akamaliza.

Kazi ya kushona ilikuwa ya Bakari siku zote, na Bakari alikuwa akishona kama mtu anayefunga gunia la mkaa. Siku hiyo Dakta alichukua sindano mwenyewe. Alishona polepole, mishono midogo, iliyolingana, mpaka Bakari akachoka kusimama.

"Dakta, hii sasa ni kanzu ya Idi."

"Bi Somoe alisema vizuri," Dakta akajibu.

Inspekta alikuwa akingoja uani, juu ya sanduku. Alisikiliza habari za mshipa, akaandika. Kisha akauliza swali ambalo hata mjinga angeliuliza, na yeye hakuwa mjinga, alikuwa mgeni tu.

"Unaweza kuapa kwamba tumboni hamna sumu yoyote?"

"Kwa macho, hapana. Ziko sumu zisizoonekana."

"Basi andika kama unavyoandika siku zote. Nimezisoma ripoti zako. Andika huenda ni moyo, na tumbo tutalipeleka Nairobi kwa mkemia. Majibu yatakuja baada ya miezi mitatu. Mama atangoja rumande. Hakuna atakayekulaumu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtisha Dakta. Angelala usingizi miezi mitatu. Bi Tabu, mwenye miaka sitini na kifua kibovu, angelala juu ya sakafu ya rumande mvua za masika zikivuja, na kama angeimaliza miezi hiyo mitatu hai, majibu yangesema mchele, tui, tangawizi. Dakta alichukua kalamu. Aliandika mistari sita, akatia sahihi, akampa inspekta bila kuisoma tena, kwa kuogopa kwamba akiisoma ataiongezea neno.

Mzee Mwishehe alizikwa alasiri ile. Mtani wake hakuwapo.

Jumatano shauri likasikilizwa katika banda la mabati la mahakama. Bwana Shauri, mwamuzi wa kesi, alikuwa Mzungu mtu mzima, miaka ishirini katika nchi, na malaria ilikuwa imemfundisha subira. Mezani vilipangwa vielelezo vya polisi: kofia moja, pampu moja, sufuria moja ya uji uliochacha. Bi Tabu aliletwa, grisi bado haijamtoka vizuri mashavuni. Watu wa Temeke walijaa mpaka madirishani.

Dakta akaapishwa, akaeleza mshipa. Inspekta akasimama.

"Daktari, huenda marehemu alipewa sumu?"

Neno lile lilipotajwa, makarani wawili wakainama kucheka. Dakta alimkumbuka mjomba wa mvi. Kisha akamwona Bi Tabu, ambaye alikuwa akimtazama bila kumwomba kitu, kama mtu anayesubiri bakuli lirudishwe.

"Hapana," akasema. "Mzee Mwishehe amekufa kwa kuchanika mshipa wa moyo. Mtu akiletwa kwangu kichwa mbali na kiwiliwili mbali, Bwana, simtafuti malaria. Hakuna aliyemuua. Nimeapa, na nikionekana nimekosea nifungwe mimi."

Mtu mmoja dirishani akasema kwa mshangao, "Leo hakusema!" na mwenzake akamfinya.

"Na huku kukiri kwake?" inspekta akauliza. "Asiye na hatia anawezaje kukiri mbele ya watu mia?"

Bwana Shauri akamwita Bi Somoe, akamwuliza kama ni kweli mshitakiwa alisema amemtilia mumewe sumu.

"Kweli, alisema," mjane akajibu. "Alisema pia kaburi lile ni lake, amelikalia zamu. Akataka kuku. Akampiga maiti pampu. Akasema mume wangu alikuwa akikoroma mpaka treni ya Morogoro inampisha njia. Nyie mmeandika la sumu peke yake. Na la treni mbona hamkulishitaki?"

Hata askari wa mlangoni alicheka. Ndipo Koplo Fransis akapiga saluti na kuomba ruhusa ya kuongeza maelezo. Inspekta akageuka kumtazama, masikio yamekuwa mekundu zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu afike nchini akasema, "Ongeza." Koplo akaongeza kwa dakika ishirini. Alikuwa ameyahifadhi tangu siku aliyokemewa, akayatoa yote, utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, wa Wangoni, wa mjomba wake aliyewahi kulala kaburini mpaka akaletewa mbuzi. Bwana Shauri hakumkatiza. Alipomaliza, Bi Tabu akaachiwa, akarudishiwa sufuria yake.

Inspekta alikuwa mwungwana, tumpe haki yake. Alimfuata Bi Tabu nje, akafungua kijitabu chake, akasoma kwa sauti: "Mama, nisamehe. Mimi ni mpumbavu."

"Hilo umelisoma humo," Bi Tabu akamwuliza, "au umeligundua mwenyewe?"

Watu walimsindikiza kwa vigelegele mpaka njia panda, kisha kila mmoja akaenda zake. Dakta alikuwa amembebea sufuria. Chini ya mkorosho benchi lilikuwa tupu, na mahali pa fundi palibaki madoa ya mafuta mchangani. Bi Tabu akaketi. Dakta akaketi.

"Dakta," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya benchini. "Wewe umemfungua. Aliumia?"

Swali hilo Dakta aliulizwa na kila mjane na kila mama aliyewahi kuja mlangoni kwake, na jibu lake la siku zote wote tunalijua. Leo alitaka kumpa lililo bora.

"Hapana. Ilikuwa ghafla. Hakusikia kitu."

"Muongo."

Dakta akatazama viatu vyake.

"Aliumia tangu alfajiri," akasema. "Mgongo. Ndiyo dalili yake. Nilimwona ameushika, Bi Tabu. Nimekaa naye hapahapa, mie daktari, sikumwuliza hata neno. Nimezoea wasiosema. Mtu akiongea na kucheka, mie namhesabu mzima."

Bi Tabu alikwangua grisi ya shavuni kwa ukucha.

"Na mie nilimwona," akasema. "Nikamwambia mgongo wa Mzaramo huuma kwa kulala. Akacheka, nikamwongezea uji." Akamgeukia. "Ulidhani siku ile msibani nilikuwa natania tu?"

Dakta alisema taratibu, ili neno lisipotee.

"Ule mshipa ungechanika tu. Hata ungemleta kwangu alfajiri ileile, hata angekuwa amelazwa Ulaya, hakuna daktari duniani mwenye uzi wa kuushona. Tungemwuliza, angetwambia, na saa tatu angekufa vilevile. Tofauti ni kwamba asingecheka."

"Kweli?"

"Kweli."

"Unaapa?"

"Nimeapa mbele ya Bwana Shauri. Naapa tena mbele yako."

Matanga yalikuwa yameanuliwa asubuhi ile, kwa hiyo kazi ya mtani ilikuwa imekwisha na ruhusa ya kulia anayo. Bi Tabu akajifunika kanga kichwani, akalia kwa sauti kubwa, akimwita Mwishehe kwa jina lake kwa mara ya kwanza tangu wajuane.